KITI CHA MAGURUDUMU NA JINSI YA KUKAA BILA KUPINDUKA

(Maneno yaliyosemwa na wenzetu wa karakana ya reli katika mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamu wasiweze kuhudhuria.)



Sisi tuliokuja mbele yenu ni mafundi wa karakana. Wengine wetu mnatuona tumesimama, na wengine mnatuona tumekaa, kwa sababu kazi ilitunyang'anya miguu au ilituvunja mgongo. Basi tukisema "sisi" katika habari hii, tunamtaja anayekaa kitini na anayemsukuma pamoja, maana kiti kikipinduka wote wawili huumia, mmoja kichwa na mwingine moyo.

Jambo lililotuleta ni hili. Mwenzetu mmoja alirudi kazini baada ya ajali iliyomkata miguu yote miwili juu ya magoti. Alipewa kazi ya stoo, kuandika vyombo vinavyotoka na vinavyorudi. Katika mwezi wa kwanza alianguka mara 3, mara 2 kinyumenyume na mara 1 kifudifudi. Msimamizi wake akaandika barua ya kuwa mtu huyu ni mzembe, hajui kuangalia nafsi yake, na kazi haimfai. Ndugu, mnajua barua ya namna hiyo hupeleka mtu wapi. Ana watoto 4 na nyumba ya kulipia.

Chama kiliomba tupewe kiti chake kwa siku moja. Tukakipindua juu ya meza kama tunavyopindua toroli, tukakipima. Kasoro ilionekana kabla chai haijapoa. Ekseli ya magurudumu makubwa ilikuwa imefungwa katika tundu la mbele, mahali pafaapo mtu mwenye miguu yake yote.

Sasa tuieleze habari hii polepole, maana ndiyo mzizi wa mambo yote. Kila mtu na kila mzigo una kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote ni kama umekusanyika. Ninyi mliofanya kazi na kreni mnakijua. Uzito ukiwa ndani ya eneo la magurudumu, kreni husimama. Mzigo ukinyoshwa nje mno, uzito ukavuka gurudumu, kreni hulala, hata kama dereva wake ana uzoefu wa miaka 20. Kiti cha magurudumu ni vivyo hivyo. Kina magurudumu makubwa 2 nyuma na vigurudumu 2 mbele, na mtu yu salama maadamu uzito wake unaanguka katikati ya hayo manne. Miguu ya mtu ni mizito, nayo hukaa mbele. Ukiiondoa, uzito wote husogea nyuma, ukawa karibu kabisa na ekseli. Hapo mtu akijisukuma kwa nguvu mara moja tu, au akipanda kijilima kidogo, kiti huinuka mbele na kumlaza chali. Dawa yake ni spana. Ekseli irudishwe nyuma tundu moja au mawili. Kiti kile tulikirudisha nyuma kwa upana wa vidole vitatu, na tangu siku ile mwenzetu hajaanguka kinyumenyume tena.

Behewa likitoka relini, hakuna anayeliandikia behewa barua ya uzembe. Tunapima reli, tunapima magurudumu, tunatazama mzigo ulivyopakiwa. Twaomba mwanadamu naye atendewe kama behewa.

Lakini msije mkadhani ya kuwa ekseli ikienda nyuma sana ndiyo vizuri kwa kila mtu. Ikiwa nyuma mno kiti huwa kizito kusukuma, mikono haifiki vizuri kwenye gurudumu, na mabega huchoka. Bega likiharibika kwa mtu wa kiti, amepoteza mguu wa tatu. Tena vigurudumu vya mbele hubeba uzito mwingi, vikazama katika mchanga na matope. Ndiyo sababu kiti hakiwezi kugawanywa kama fulana, kila mtu achukue kinachomjia mkononi. Mwenye miguu mizito, aliyekatwa, mwenye mgongo usio na nguvu, kila mmoja na mahali pake pa ekseli. Anayeanza afungiwe ekseli nyuma kidogo, na akizoea isogezwe mbele kidogo kidogo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 juu ya viti vya kusukumwa kwa mkono katika nchi zisizo na mali nyingi. Lilisema kiti kinachofaa ni kile kinachomtosha mtu mwilini, kinachofaa mahali anapoishi, kinachomshika akae vizuri, chenye usalama na kudumu, na ambacho kinaweza kutengenezwa katika nchi hiyo hiyo. Sisi tukiangalia viti vingi tuvionavyo mitaani, tunaona ni viti vya hospitali, vilivyofanywa visukumwe juu ya sakafu laini kutoka kitandani hadi chumba cha picha. Vimekuja kwetu kama sadaka, na mtu huambiwa ashukuru. Kushukuru ni vyema, lakini sakafu ya hospitali haifiki Makadara wala Changamwe.

Hata hicho kiti cha kukunja chenye vyuma vilivyopishana kama mkasi kilianza kwa mfanyi kazi aliyeumia. Huko Marekani, Herbert Everest alikuwa mhandisi wa migodi, akavunjika mgongo katika ajali ya mgodini mwaka 1918. Viti vya siku zile vilikuwa vizito kama kitanda, havikuingia katika motokaa. Yeye na rafiki yake Harry Jennings, mhandisi pia, wakabuni kiti kinachokunjwa, wakapata hati ya ubunifu mwaka 1937. Ilikuwa kazi njema sana. Lakini aliyekaa kitini na aliyeshika spana walikuwa wakizungumza kila siku, na hilo ndilo linalokosekana kwetu.

Sasa kuanguka kifudifudi. Hapo mwenye hatia mara nyingi ni kigurudumu cha mbele. Kikiwa kidogo na chembamba, hugonga jiwe au hutumbukia katika ufa, kikasimama ghafula, lakini mtu aliye juu yake hakusimama. Huendelea na safari yake peke yake. Mhandisi mwingine wa Marekani, Ralf Hotchkiss, aliyevunjika uti wa mgongo kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, alilifanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1980 alikwenda Nicaragua, akajifunza kwa watu wa huko waliokuwa wakitengeneza viti vyao wenyewe kwa vyuma vya kawaida na kupita navyo katika njia mbovu. Viti vilivyotokana na kazi hiyo vina vigurudumu vipana vya mpira mbele, tena vimesogezwa mbele sana, hata kiti kinakuwa kirefu. Kiti kirefu huzunguka kwa shida katika choo chembamba, hilo ni kweli, lakini juu ya kokoto hakikutupi. Kuna na viti vya magurudumu matatu, vyenye gurudumu moja kubwa mbele, ambavyo hufaa sana shambani.

Wenye viti vya kawaida wajue siri ndogo ya vigurudumu hivyo. Ukitaka kuinama kuokota kitu, kwanza rudi nyuma kidogo. Vigurudumu vitageuka vielekee mbele, na kiti kitakuwa kirefu zaidi kwa upana wa kiganja. Hapo uinamapo uzito hauvuki. Ukiinama huku vimeelekea nyuma, umejifupishia kiti mwenyewe. Na usikanyage kibao cha miguu kwa uzito wako wote wakati wa kushuka au kuinuka, maana kibao hicho kiko mbele ya magurudumu yote, na kiti kitasimama kwa pua.

Mwenzetu wa stoo alianguka kifudifudi kwenye reli. Hili ni letu hasa, nasi tunataka lisikiwe. Mnajua mahali njia ya miguu inapokata reli, kando ya chuma pana mwanya unaoachwa ili ukingo wa gurudumu la behewa upite. Mwanya huo ni upana wa vidole vitatu au vinne. Kwa mtu anayetembea si kitu. Kwa kigurudumu cha kiti ni mtego, maana kikipinda kidogo tu hutumbukia na kujifunga humo. Mtu amekwama juu ya reli, na uwanja ule mabehewa husukumwa bila kelele nyingi. Siku ile palikuwa na shanta mwenye macho, naye alipuliza filimbi. Twamshukuru.

Basi reli haikatwi mshazari hata siku moja. Ukabili chuma moja kwa moja, vigurudumu vinyoke, uinue mbele kidogo vipite juu ya mwanya bila kuugusa. Usiyeweza kuinua, geuza kiti upite kinyumenyume na mwenzako amekishika, magurudumu makubwa yatangulie, kwa kuwa hayo hayatoshi kuingia katika mwanya. Kabla ya kuanza, simameni wote wawili, mtazame huku na huku, msikilize. Mahali pasipo na mbao wala lami kati ya reli hapavukwi kwa kiti kabisa, hata kama njia ya halali ni ndefu mara mbili. Na chama kimekwisha kuandika kuomba ya kuwa kila kivuko cha wafanyi kazi ndani ya uwanja kijazwe mbao au mpira, mwanya ubaki ule wa lazima tu.

Tuje kwenye miinamo. Ukipanda, inamisha kifua mbele, usukume kwa mapigo mafupi. Ukikaa wima au ukiegemea nyuma, kiti kitakupindua. Ukishuka, egemea nyuma, uache duara la kushikia liteleze mikononi polepole. Glavu za ngozi za kazini zinafaa sana hapa, maana chuma kile huchoma. Usivute breki ili kupunguza mwendo! Breki za kiti ni za kuegesha tu, kama breki ya mkono ya behewa lililoachwa kando. Ukiivuta ukiwa mbioni, gurudumu moja hushika kabla ya lingine, kiti kikageuka ubavu. Mwinamo ukiwa mkali na una msaidizi, shuka kinyumenyume, msaidizi awe upande wa chini akikuzuia kwa mwili wake.

Usigeuke katikati ya mwinamo, wala usiukate mshazari. Na barabara iliyolala upande, kama zetu nyingi zinazomwaga maji mtaroni, hukivuta kiti kuelekea mtaroni siku zote. Jegemeze upande wa juu, na mkono wa upande wa chini ndio ufanye kazi zaidi. Ni uchovu, nasi hatutawaficha.

Njia ya kupandia ngazi, kipimo kinachokubaliwa na wajenzi ni 1 kwa 12. Maana yake, kila sentimita 1 ya kwenda juu hudai sentimita 12 za kwenda mbele. Ngazi 3 za sentimita 15 kila moja ni sentimita 45, basi mteremko wake uwe na urefu wa meta 5 na nusu hivi. Tumeona mahali pamewekwa ubao wa meta 2 juu ya ngazi kama hizo, wakubwa wakapiga picha, wakaenda zao. Ubao ule ni wa kupandishia magunia. Hata 1 kwa 12 yenyewe ni kali kuliko mwinamo wowote ambao injini zetu hupanda hapa nchini, na injini haina mabega.

Mfuko mzito usiutundike nyuma ya kiegemeo. Watu wengi hutundika, kwa kuwa mikono ina kazi, na wengi wameanguka hivyo wakipanda. Uweke mapajani au chini ya kiti. Anayerudi kutoka sokoni na kilo 5 za unga mgongoni mwa kiti amejihamishia kitovu cha uzito bila kujua.

Juu ya kukaa kwenyewe tuseme machache. Makalio yafike nyuma kabisa, miguu ikae sawasawa juu ya vibao, kiti kisiwe kipana hata mtu aegemee ubavu mmoja. Kitambaa cha kukalia kikilegea kama machela, mtu huinama upande na usawa hupotea. Kikazwe au kibadilishwe. Mto ni lazima, na si wa usawa tu. Asiyesikia maumivu makalioni hupata vidonda vya kukaa, na vidonda hivyo vimeua watu ambao ajali haikuwaua. Ainame mbele au ubavuni mara kwa mara, damu ipite, hata katikati ya mkutano kama huu. Asionekane hana adabu.

Kuinua vigurudumu vya mbele na kusimama juu ya mawili ya nyuma ni ufundi wa kujifunza, maana ndio unaopitisha mtu juu ya ukingo wa barabara, juu ya mwanya wa reli, na katika mchanga. Lakini usijifunze peke yako. Mwenzako asimame nyuma yako, mikono yake iwe tayari chini ya vishikizo bila kuvigusa, au ashike kamba iliyofungwa kwenye fremu, na asiondoe macho hata akiitwa. Mara nyingi utahisi unaanguka kabla hujaanguka. Na ikitokea kweli unakwenda chali, kidevu kifuani upesi, mkono mmoja uvuke magoti ili yasikupige usoni, wala usitupe mikono nyuma kujizuia, maana kifundo cha mkono huvunjika. Kama kiti chako kina vile vigurudumu vidogo vya nyuma vya kuzuia kupinduka, usiviondoe mpaka umefuzu.

Wasaidizi nao wana makosa yao. Mtu anakuja kwa haraka na moyo mwema, anakamata kiti bila kusema neno, anasukuma. Aliyekaa alikuwa ameinama mbele, sasa yuko chini. Ulizeni kwanza, "Ndugu, nikusaidie? Nishike wapi?" Mkiinua, shikeni fremu. Msishike mahali pa kuwekea mikono, maana katika viti vingi panachomoka, wala msishike gurudumu, maana linazunguka. Ngazi hupandwa kinyumenyume, kiti kimelazwa nyuma, mwenye nguvu juu ameshika vishikizo, mwingine chini ameshika fremu ya mbele, ngazi moja kwa neno moja. Kushuka, aliyekaa hutazama mbele, kiti kimelazwa vile vile.

Shuleni kwa wamisheni tulifundishwa habari ya mgonjwa wa kupooza aliyebebwa na watu wanne, wakalitoboa paa kwa sababu ya msongamano mlangoni. Wengi husifu imani yao, nasi twaisifu. Lakini sisi mafundi huwa tunajiuliza juu ya ule mlango.

Utunzaji sasa. Breki hukandamiza tairi, kwa hiyo tairi likiwa na upepo mdogo breki haishiki, hata ukiivuta mpaka mwisho. Mtu anajiinua kwenda kitandani, kiti kinateleza, anakaa hewani. Wengi huilaumu breki, na kumbe ni pampu ya baiskeli tu iliyohitajika. Kila Jumatatu pima upepo, vuta breki zote mbili usukume kiti uone kama kinakataa, tikisa vigurudumu vya mbele, kaza nati, tazama spoki, tia grisi kwenye beringi. Dakika 10 zatosha. Spana ya baiskeli hufaa kwa viti vingi, na fundi yeyote wa baiskeli wa mtaani ataweza.

Mwisho ni juu ya haki zetu. Sheria ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alipe gharama ya vifaa vya mfanyi kazi aliyelemaa kwa ajali ya kazini, kuvinunua, kuvitunza, kuvitengeneza na kuvibadilisha. Madai ya fidia yapelekwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, kwa hiyo msikae nyumbani mkingoja kuitwa. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pote na kutumia vyombo vya usafiri vya watu wote. Viti vyenyewe si lazima vitoke ng'ambo. Chama cha walemavu wa viungo cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1958, kimekuwa kikitengeneza viti hapa hapa Nairobi.

Katika barua ya msimamizi yule tumejibu kwa barua, tukaambatisha vipimo vya kiti kabla na baada, na picha ya mwanya wa reli yenye kipimo cha rula kando yake. Jibu halijafika. Mwenzetu angali stoo.

Kuanzia mwezi ujao, Jumamosi ya kwanza baada ya saa sita na nusu mchana, mafundi watatu watakaa nyuma ya karakana na spana, pampu na grisi. Kiti chochote cha mwanachama, au cha mtu wa nyumbani kwake, kitapimwa na kufungwa upya bila malipo. Mwenye kiti aje mwenyewe, asitume kiti peke yake, maana hatuwezi kupima uzito wa mtu asiyekuwapo. Majina yaandikishwe kwa Katibu wa tawi, na mwenye mbao nene zisizotumika atuambie.